Rekodi ya Thelathini na Moja

Rekodi thelathini za kwanza Huguette alizisikiliza bila tabu, kama alivyozoea: hedifoni masikioni, kalamu mkononi, chai ikipoa pembeni ya kompyuta. Kazi yake haikuwa kuwahurumia waliokuwa wakizungumza. Kazi yake ilikuwa kumpima anayewasikiliza. Wanawake wakimbizi walikaa na mnasihi katika chumba kimoja cha mradi, wakaeleza yaliyowasibu, na siku chache baadaye yeye, katika chumba chake cha kulala huko Makindye, jijini Kampala, alijaza fomu yenye maswali ishirini na matatu. Je, mnasihi alisikiliza bila kukatiza? Je, alijizuia kuhukumu? Je, aliuliza kama mteja yuko salama anakolala? Wenye utafiti walitaka kujua kama tiba ile ya mazungumzo inatolewa inavyotakiwa, na kwa kuwa mtu hawezi kujipima mwenyewe, walitafuta mtu wa nje. Kwenye mkataba aliandikwa mshauri wa kujitegemea, maneno ambayo mumewe, Kakule, alipenda kuyatamka mbele ya wageni, ingawa hakuna mgeni aliyewahi kuuliza maana yake.

Rekodi ya thelathini na moja haikuwa na jina, kama zilivyokuwa zote. Ilikuwa na namba na tarehe tu: Jumanne ya wiki ile ile. Mnasihi alikuwa Helen, ambaye Huguette hakuwahi kumwona lakini alimjua kwa kikohozi chake. Helen alimkaribisha mteja, akamwuliza amefikaje. Kiti kililia. Kisha mwanamke akasema:

"Kwa mguu, mama. Mtoto nimemfunga mgongoni."

Huguette aliweka kalamu chini.

Ilikuwa sauti ya Pélagie. Pélagie mke wa Guerschom, na Guerschom ni mdogo wake Kakule. Tangu Jumapili hakuna aliyejua Pélagie aliko, yeye na binti yake Masika wa miaka miwili. Na huyo Guerschom mwenyewe alikuwa wakati huo amekaa sebuleni, nyuma ya pazia, akiipiga namba ya mkewe na kuambiwa kwamba haipatikani, kisha akiipiga tena.

Kanuni Huguette aliijua, maana ndiye aliyeiandika: ukitambua sauti, simamisha, toa taarifa, usirudi tena kwenye rekodi hiyo. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye kitufe ukakaa pale. Hakubonyeza. Alisikiliza dakika kumi na nne.

Alisikia habari za nyumba ya Luzira, mlango uliofungwa kwa nje na kufuli, mkanda, na jinsi Guerschom alivyolia kila alipomaliza, akaomba msamaha akiwa amepiga magoti, mpaka Pélagie akawa ndiye anayembembeleza. Kisha akasikia hili: "Siku ya Pasaka tulikuwa kwa kaka yake, Makindye. Mkewe alikuwa kazini. Bwana yangu aliniingiza chumbani. Shemeji Kakule alikuwa sebuleni. Alisikia, mama. Najua alisikia, kwa sababu aliongeza sauti ya redio."

Helen alikohoa. "Na ukilala, unaota nini?" aliuliza.

"Silali," alisema Pélagie.

Helen hakuuliza ni wapi asikolala. Hapo ndipo Huguette alipobonyeza.

"Shemeji," Guerschom aliita kutoka sebuleni, "kuna maji ya kunywa?"

Alimpelekea maji. Guerschom alikuwa kijana mrefu, mpakizi wa mizigo kwenye gati la Port Bell, na kwa siku nne alikuwa amekonda kama mtu aliyetoka hospitali. Macho yalikuwa mekundu. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema ahsante. Mtu yeyote angemhurumia. Hadi asubuhi ile Huguette naye alikuwa akimhurumia. Alikuwa amempikia uji, akamwambia ale kidogo tu, Mungu atamrudisha Pélagie. Sasa alisimama akiitazama ile mikono iliyoshika kikombe.

"Una nini?" Guerschom aliuliza.

"Kichwa," alisema, akarudi chumbani kukaa mbele ya kompyuta iliyozimwa.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya mradi. Miaka sita alikuwa amefanya kazi za watafiti hawa na wale, lakini karibu zote alizifanyia nyumbani, na huko langoni hawakumjua. Mlinzi alichukua kitambulisho chake cha mkimbizi, akakisoma, akamsogezea daftari la wageni. Palipoandikwa sababu ya kuja, tayari alikuwa amemjazia: kuomba msaada.

"Mimi ni mshauri," Huguette alisema.

"Ndiyo, mama, iko sawa," alisema mlinzi kwa upole. "Unakuja kushauriwa. Weka sahihi hapa, usiogope."

Aliweka sahihi.

Loice Nabangala, mratibu wa utafiti, alikuwa Mkenya wa Bungoma, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa Kampala mwaka wa nane sasa. Alifunga mlango bila kuombwa.

"Kuna rekodi nimeitambua sauti," Huguette alisema.

Loice aliinua mkono haraka. "Usiniambie ni nani."

"Sikuambii."

"Namba?"

"Thelathini na moja."

"Ulisikiliza mpaka wapi?"

Huguette alitazama dirishani. "Dakika kumi na nne."

Loice aliketi. Kisha akasema, si kwa ukali, "Huguette. Kanuni hiyo uliiandika wewe."

"Najua."

"Sasa mimi nifanye nini na wewe?"

"Kwanza andika hili. Swali la kumi na nne. Helen hakuuliza usalama. Mteja anasema halali, na Helen anamwuliza ndoto. Nalisema hili kama mpimaji, si kama mtu mwingine. Yule mama hakuna ajuaye analala wapi na mtoto."

Loice aliandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi.

"La pili," Huguette akaendelea, "familia yake inamtafuta. Wameanza kufikiri amekufa. Mama mmoja mzee kule Butembo, Kongo, hali chakula."

"Na anayemtafuta zaidi ndiye aliyekimbiwa?"

Huguette aliinamisha uso, na Loice akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa.

"Basi hata sisi hatuna pa kumpata," Loice alisema. "Atarudi kwa Helen Jumanne, kama atarudi. Mimi mwenyewe nitakaa na Helen leo hii. Jumanne atamwuliza analala wapi, na atamwuliza kama kuna mtu yeyote anayetaka aambiwe chochote. Akisema hapana, ni hapana. Kabla ya hapo, wewe hujasikia kitu na mimi sijui unazungumza habari za nani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na rekodi zilizobaki nitampa mtu mwingine. Zote." Loice alisema hili akiwa ameinamia karatasi zake. "Profesa atasema mpimaji amekuwa ndugu wa mteja, hawezi tena kupima. Pole, dada. Siwezi kumpinga."

Huguette alikuwa amelitarajia. Mkataba ule ndio uliokuwa ukilipa nyumba. Duka la Kakule la vioo vya simu pale Nakivubo lilitosha chakula tu. Alifungua kompyuta mbele ya Loice, wakafuta mafaili yote pamoja, moja baada ya jingine, na kila moja Loice alipiga tiki. Alipotoka, mlinzi alimwuliza kama amesaidiwa.

*

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi simu ya Guerschom ililia. Aliyepiga alikuwa mwenzake wa gatini. Guerschom alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa sakafuni kama aliyekatwa miguu.

Kakule ndiye aliyeichukua simu. Wavuvi walikuwa wameokota mwili wa mwanamke majini, si mbali na pale mabehewa yanapoingizwa melini. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani, na ilionekana amekaa majini tangu Jumapili au Jumatatu. Polisi walikuwa wanauliza kama kuna aliyepotelewa na mtu.

"Pélagie ana kitenge cha kijani," Guerschom alisema. "Yaya, ana kitenge cha kijani." Yaya ndivyo Wakongo wanavyomwita ndugu mkubwa, na Guerschom alilitamka neno hilo kama mtoto.

Kakule tayari alikuwa anavaa viatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kifua chembamba na vidole vya fundi, na kamba ya kiatu ilimshinda mara mbili.

"Usiende," Huguette alisema.

"Kwa nini?"

"Siyo yeye."

Kakule aliinua uso. "Unajuaje?"

Ni maneno machache tu yaliyohitajika. Pélagie alikuwa hai Jumanne. Lakini Kakule hakuwahi kumficha mdogo wake jambo hata moja, na Guerschom alijua Huguette anafanya kazi ya kusikiliza rekodi za wanawake. Angeunganisha, na siku si nyingi angekuwa langoni kwa yule mlinzi mpole. Hayo Huguette aliyafikiri, na yalikuwa kweli. Lakini nyuma yake kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa kweli pia: aliyetaka kwenda kuitazama maiti ndiye aliyeongeza sauti ya redio. Hakujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomfunga mdomo, na kutojua huko kulimchoma.

"Nahisi tu," alisema.

"Mimi nahisi vingine. Ndiyo maana naenda."

Guerschom alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha wakatoka.

Huguette hakuweza kukaa. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alifagia ua, kisha akaufagia tena. Alikwenda langoni, akarudi, akasahau alichofuata, akaenda tena. Jirani yake, mama Nabalayo, alimwuliza kama anamngoja mgeni. Alimpigia Loice mara tatu. Ilikuwa Jumamosi, Loice hakupokea. Saa sita aliwasha jiko, akaweka sufuria, akasahau maji, na sufuria ikaungua.

Walirudi saa nane. Guerschom aliingia moja kwa moja akajilaza kifudifudi kwenye kochi. Kakule alikwenda bombani uani. Alinawa mikono, akaipangusa, akarudi kuinawa.

"Siyo yeye," alisema.

"Ahsante Mungu."

"Alikuwa msichana tu. Labda miaka ishirini. Alikuwa na shanga mkononi." Aliendelea kunawa. "Askari mmoja, Kidega, akafunua shuka, akasema, 'Huyu iko wenu?' Nikasema hapana. Akasema, 'Angalia tena, mzee. Maji inabadilisha watu.' Nikaangalia tena. Guerschom alikataa kuingia, Huguette. Niliingia peke yangu. Nikaangalia mara tatu."

Huguette alifunga bomba. Alitaka kuishika ile mikono yenye maji akashindwa, na Kakule aliona kwamba ameshindwa.

Jioni jua likiwa bado juu ya vilima, mama yao alipiga kutoka Butembo. Kakule aliweka simu mezani ili wote wasikie.

"Watu wa kanisa wako hapa kwangu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wameniuliza tuanze kilio au tungoje. Mimi nimechoka kungoja. Mwanamke hawezi kupotea siku saba na mtoto kama yuko hai. Niambieni. Tuanze?"

Kakule alimtazama Guerschom, Guerschom akatazama sakafu.

"Ngoja, mama," Huguette alisema.

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka Jumanne."

Lilimtoka tu. Mama alisema haya, atangoja mpaka Jumanne, akakata simu.

"Kwa nini Jumanne?" Guerschom aliuliza.

"Ni siku tu."

"Siku ziko saba, shemeji. Kwa nini hiyo?"

*

Usiku kucha inaelekea Guerschom aliligeuzageuza swali lake, maana Jumapili, baada ya ibada, hakungoja hata Kakule avue koti.

"Wewe kazi yako ni kusikiliza wanawake," alisema. "Wakimbizi. Wakongo. Wanakwenda kusema mambo ya nyumbani kwao na wewe unayasikiliza. Si ndiyo?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Pélagie yuko humo."

Huguette alikuwa akikata mboga. Aliendelea kukata. Guerschom alipita pazia, akaingia chumbani kwao bila kubisha, akaifungua kompyuta. Kakule alimfuata akisema, "Guerschom, basi, hicho ni chumba chetu," lakini alisema kama mtu anayeomba radhi. Guerschom alitafuta, hakupata kitu. Alirudi ameibeba kompyuta kwapani.

"Umefuta. Kwa nini umefuta?"

"Nilirudisha kazi ya watu."

"Hiyo ofisi iko wapi? Inaitwaje?"

"Sikuambii."

"Yaya, unamsikia? Haniambii. Mke wangu na mtoto wangu, na yeye ananiambia hataki."

Kakule alimgeukia mkewe. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Tangu jana hakuwa amekula. "Huguette, kama unajua kitu, sema. Ni mkewe."

"Miaka sita nasikia mambo ya watu," Huguette alisema. "Nimewahi kukuambia hata moja? Uliwahi kulalamika?"

"Hakuna aliyekuwa amepotea!"

"Wote walikuwa wamepotea, Kakule. Ndiyo maana walikwenda pale."

"Usinifundishe!" Hakuwa amewahi kumpigia kelele, na yeye mwenyewe alishtuka. Akashusha sauti. "Niambie jambo moja tu. Yuko hai?"

Guerschom alisogea hatua moja ili asikie vizuri. Huguette aliiona ile hatua. Alimwona Kakule akingoja jibu, na akatamani Guerschom aanguke, apotee, wabaki wawili kwa dakika moja tu. Hakuanguka.

"Siwezi kukujibu," alisema.

Guerschom aliinua kompyuta kwa mikono miwili juu ya kichwa. Hapo Kakule alimshika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu za kumshinda mpakizi wa gatini, na wote watatu walilijua hilo, lakini alishikilia. Walisimama hivyo, wakihema, mpaka Guerschom alipoishusha, akaiweka mezani taratibu kabisa, kama yai. Kisha akaanza kulia. Akapiga magoti.

"Shemeji, nisamehe. Nisamehe. Nina uchungu tu."

Huguette alilijua lile tendo; alikuwa amelisikia likielezwa. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Jumatatu Guerschom hakwenda gatini. Aliondoka asubuhi na picha ya harusi mfukoni kuzunguka ofisi zote za mjini zinazohudumia wakimbizi, moja baada ya nyingine. Huguette alimpigia Loice, naye akapokea mara ya kwanza. "Mwambie mlinzi," Huguette alisema. "Mrefu, Mkongo, ana picha. Atakuwa na adabu sana." Jioni Guerschom alirudi viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi, akala alichowekewa, akasema amebakiza ofisi tano.

*

Jumanne Kakule alifunga duka mapema. Huguette alimsikia langoni saa tisa alasiri, akadhani ni Guerschom, moyo ukamruka. Kakule aliingia, akafunga mlango, akaweka simu mezani.

"Ujumbe wa sauti umeingia saa saba," alisema. "Namba siijui."

Akabonyeza. Sauti ilijaza sebule, tulivu, kama mtu anayesoma alichokifikiri kwa siku nyingi.

"Shemeji Kakule, ni mimi Pélagie. Niko hai, na Masika yuko hai, tuko mahali pazuri. Nimeambiwa naweza kumwarifu mtu nikitaka, nami nimetaka mama apumzike. Mwambie asilie. Msinitafute. Na Guerschom usimpe namba hii. Nakuomba wewe, shemeji. Safari hii nakuomba."

Kakule aliacha simu izimike yenyewe.

"'Nimeambiwa,'" alisema. "Jumanne. Ulijua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Alihesabu kimyakimya. Huguette aliona hesabu yake ikifika Jumamosi.

"Ulinitazama nikifunga kamba za viatu."

"Nilikuambia usiende."

"Ulinitazama, Huguette. Nimemwangalia mtoto wa watu mara tatu. Nikifumba macho namwona. Ungesema neno moja."

"Ungemwambia Guerschom."

Kakule alifungua mdomo kukana, akaufunga. Alikwenda dirishani, akarudi, akashika kiti, asikikalie. Mkewe alingoja. Mumewe alikuwa na haki ya kugomba, na yeye angemwacha agombe mpaka achoke. Lakini Kakule hakugomba. Aliuliza, mgongo ukiwa umemwelekea:

"Alinitaja?"

"Siwezi kukujibu."

"Basi alinitaja."

Huguette hakusema kitu. Kwa kazi yake alikuwa amewapima wengine mara mia moja kama wanaweza kunyamaza mtu anapotaka kusema. Hakuwahi kuona kuwa ni kazi ngumu kiasi kile.

"Ile Pasaka," Kakule alisema. "Wewe ulikuwa kwenye mafunzo yako. Niliwasikia chumbani. Nilijiambia ni mambo ya mke na mume, nikiingia nitamwaibisha. Kulikuwa na taarifa ya habari. Mimi..." Aliinua mkono, akazungusha vidole viwili hewani, kama mtu anayezungusha kitufe. Akautazama ule mkono. "Pélagie alipotoka alinisalimia. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa, Huguette. Alinitengenezea chai nikanywa."

Alikaa chini hatimaye. Hakulia. Huguette alitaka kumwambia maneno ambayo wanasihi hufundishwa kusema, akayaona yote hayafai, akakaa kwenye kiti cha pili.

Guerschom aliwakuta hivyo. Alikuwa amechoka, picha mkononi. Aliangalia mmoja, akaangalia mwingine.

"Kuna habari," alisema.

"Yuko hai," Kakule alisema. "Na mtoto pia. Amenitumia ujumbe."

Guerschom alishika ukuta. Furaha iliyompita usoni ilikuwa ya kweli. Huguette aliiona na hakuweza kuikana. Kisha Guerschom akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

"Hapana."

"Yaya, nipe namba niongee naye. Dakika moja tu."

"Amesema usipewe. Na mimi sitaki upewe." Kakule alisimama, simu kifuani. "Nilisikia, Guerschom. Pasaka. Nilisikia kila kitu, na wewe ulijua nasikia. Kusanya nguo zako urudi Luzira."

"Unanifukuza? Kwa sababu ya mwanamke? Wewe ni ndugu yangu?"

"Ni ndugu yako. Ndiyo maana nakuambia humu ndani, mlango umefungwa, si barabarani mbele ya watu. Ukitaka kusaidiwa, nitakwenda nawe popote, hata leo. Lakini hapa hulali."

Guerschom alimsogelea mpaka vifua vikakaribia kugusana. Kakule hakurudi nyuma. Mwishowe Guerschom aligeuka, akachukua mfuko wake nyuma ya kochi, akatoka bila kuufunga mlango. Hakupiga magoti safari hii. Wakamsikia akimsalimia mama Nabalayo uani, kwa adabu.

Kakule alimpigia mama yake. Huguette alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Yuko hai, mama. Waambie watu wa kanisa warudi makwao. Hapana, sijui aliko. Hapana, hakuna mwanamume mwingine. Kule Butembo bila shaka mama alikuwa akiuliza, kama si hivyo, alikimbia nini.

"Alitukimbia sisi, mama," Kakule alisema.

Alipokata simu alifuta ule ujumbe, akafuta na namba, kwa vidole vyake vya fundi, huku akijua kuliko yeyote jinsi vitu hivyo vinavyoweza kurudishwa. Huguette aliinuka kuwasha jiko. Alikuwa mlangoni Kakule aliposema:

"Siku nyingine, ukisikia tena jambo kama hili. La nyumba yetu hii. Utaniambia?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema Mungu asilete siku hiyo, au kwamba kazi yenyewe huenda imekwisha, hakuna atakachosikia. Kakule alikuwa anamtazama kama mtu anayeomba aambiwe uongo mdogo, wa jioni moja tu.

"Hapana," alisema.

Kakule alitikisa kichwa polepole, mara mbili tatu, kama anayelipima neno uzito wake. Hakusema sawa. Baadaye alitoka uani na kiti chake, akakiweka pale jikoni alipokuwa mkewe, si karibu sana, wala si mbali, akakaa.